Neno "Mpaka" na Historia ya Mstari wa Tunduma

Katika Kihispania, umbo moja, bajo, hutumika kama nomino, kivumishi, kihusishi na kitenzi chenye maana ya "ninashuka". Neno la Kiswahili linalokaribia hali hiyo ni mpaka, na historia yake inaonekana vyema Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe unaotazamana na Nakonde, Zambia.

Likiwa nomino, mpaka hutawala upatanisho wa ngeli ya U-I: mpaka umefungwa, mipaka imefungwa. Likiwa kihusishi halina upatanisho wowote: reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kwa kupitia Tunduma. Likiwa kiunganishi hutangulia kishazi: subiri mpaka afike. Kivumishi huundwa kwa a-unganifu, mji wa mpakani. Kitenzi ni kupakana, chenye umbo la kutendana.

Mstari wa Tunduma ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, uliogawa eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga walijikuta chini ya tawala mbili. Mkataba ulisisitiza utengano. Sarufi imehifadhi maana nyingine. Kihusishi huonyesha mahali pa kufikia, na kitenzi hudai washiriki wawili. Kwa hiyo, fasili ya mpaka kama "kikomo" pekee hueleza mstari wa watawala na kuwaacha nje wanaopakana.