Gomesi, Kitenge na Suruali: Mavazi ya Wanawake wa Kabalagala mbele ya Sheria

Ukishuka kutoka Nsambya kwa barabara iendayo Ggaba, utaingia Kabalagala, mtaa wa Makindye jijini Kampala ambao jina lake ndilo jina la kitafunwa cha ndizi mbivu na unga wa muhogo kinachokaangwa katika mafuta. Wengi huutaja kwa baa zake za usiku. Mimi nakusihi uutazame mchana, nusu saa tu kando ya barabara. Atapita mama wa Kiganda aliyevaa gomesi, yuko njiani kwenda harusini. Atafuata Mkongo aliyejifunga kitenge, ambacho kwao huitwa kikwembe, kisha Mhabeshi aliyejitanda shuka jeupe jepesi lenye pindo la rangi, kisha Mwislamu mwenye hijabu anayeelekea upande wa Kibuli. Wanafunzi wa chuo kikuu kilichopo Kansanga watapita kwa suruali za jinzi zilizonunuliwa katika mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba.

Ukimuuliza mpita njia ni lipi kati ya mavazi hayo lililo la asili, bila shaka atakuonyesha gomesi. Jibu hilo si baya, ila lina historia ambayo yafaa uijue kabla ya kulikubali.

Vazi la kale la Buganda ni lubugo, yaani nguo itengenezwayo kwa gome la mti wa mutuba, ambalo hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Wanawake walijifunga lubugo kifuani, mabega wazi. Kisha, katikati ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ikafika katika ikulu ya Kabaka Suuna ikiwa na vitambaa vya pamba. Hapa, wewe unayejifunza Kiswahili, tega sikio. Kitambaa alichojifunga mwanamke wa Kiganda kiliitwa ssuuka, nalo ni neno letu shuka. Nguo ya ndani inayofungwa chini ya gomesi huitwa kikooyi, yaani kikoi. Mshipi wake huitwa kitambaala, yaani kitambaa. Na kanzu ya wanaume imebaki kuwa kanzu. Leso ya kujifunga nyumbani nayo ni leesu, na neno hilo sisi wenyewe tulilipata kwa Wareno. Kwa hiyo kabati la Kiganda limejaa maneno yaliyopanda bara kutoka pwani pamoja na bidhaa.

Gomesi lenyewe, lenye shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana chini ya kiuno, limepewa jina la fundi wa kushona kutoka Goa aliyeitwa Gomes. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 aliwashonea wanafunzi wa shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoendeshwa na wamisionari Waingereza. Ndiyo maana vazi hilo huitwa pia bodingi, kwa kuwa lilitoka katika shule ya bweni. Inasimuliwa pia kwamba lilienea baada ya Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, kulivaa katika sherehe za kutawazwa mwaka 1914. Jina la Mhindi wa Goa, shule ya Waingereza, mshipi wenye jina la Kiswahili: hilo ndilo vazi la heshima la Muganda, na ni lake kweli. Watu hulimiliki vazi kwa kulivaa vizazi baada ya vizazi.

Sketi fupi hazikupewa muda huo. Zilipoingia miji ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, watawala walizipokea kama adui. Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Kabla hata ya tarehe ya kuanza, vijana walikwisha kuwashambulia wanawake huko Kariakoo. Uganda ilifuata mwaka 1972, Idi Amin alipotoa amri ya kupiga marufuku sketi fupi. Miaka miwili baadaye suruali na nywele za bandia za wanawake nazo zikakatazwa. Tafakari jambo hili: chini ya amri hizo, jinzi uliyoiona Kabalagala ingempeleka mvaaji mahabusu.

Sasa tuingie katika somo la uraia. Mwezi wa Februari 2014 Rais Yoweri Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia. Mwaka uliotangulia, waziri wa maadili, Simon Lokodo, alikuwa ametangaza hadharani kwamba nguo inayoishia juu ya goti itakatazwa, na magazeti yakaibatiza sheria hiyo jina la sheria ya sketi fupi. Sheria yenyewe haikutaja urefu wa sketi. Lakini uvumi hausomi vifungu. Katika mitaa ya Kampala na miji mingine makundi ya wanaume yaliwazingira wanawake na kuwavua nguo mchana kweupe, kwa madai ya kutekeleza sheria. Polisi walilazimika kuwaonya, na wanawake wakakusanyika mbele ya Jumba la Kitaifa la Maonyesho kupinga.

Tazama kitenzi, kwa maana sarufi hapa ina uzito. Mtu huvaa, na mtu huvua. Hayo ni matendo yake mwenyewe. Akivuliwa, kuna mtendaji mwingine, na sheria yapaswa kumuuliza mtendaji huyo, si aliyetendwa. (Kuvua samaki ni kitenzi kingine chenye sura ileile, usivichanganye.)

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikuwa na majibu tayari. Ibara ya 24 inakataza kumtendea mtu yeyote kwa namna ya kumdhalilisha. Ibara ya 33 inakataza sheria, mila na desturi zinazokiuka utu wa wanawake. Ibara ya 28 inasema kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo halikufafanuliwa na sheria. Hoja hii ya mwisho, ambayo huonekana kavu kuliko zote, ndiyo iliyokuwa na nguvu mahakamani: tafsiri ya ponografia katika sheria ile ilikuwa pana mno na yenye utata, hata raia asingeweza kujua mapema lililo kosa na lisilo kosa.

Wanaharakati walifungua shauri mwaka huohuo wa 2014. Wakangoja miaka saba. Mwezi wa Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo, kikiwamo kile cha tafsiri ya ponografia na kile kilichoharamisha matendo yenyewe.