Singe ya 1907 na Alama Zake

Mwishoni mwa 1902 jeshi la Uingereza liliidhinisha bunduki mpya, Lee-Enfield fupi, ibebwe na askari wote, wa miguu na wa farasi. Ilikuwa rahisi kubeba, lakini mtutu wake ulikuwa umepunguzwa inchi 5, na upungufu huo uliwakosesha usingizi wakubwa wa jeshi. Bado waliamini kwamba vita huamuliwa ana kwa ana, singe kwa singe. Askari wao akikabiliana na adui mwenye bunduki ndefu, angechomwa kabla hajamfikia. Mtutu haukurudishiwa urefu wake. Singe ndiyo iliyorefushwa.

Mfano waliuchukua Japani. Singe ya bunduki ya Arisaka, iliyotolewa mwaka 1897, ilikuwa imejipatia sifa katika vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905: ubapa mrefu wenye makali upande mmoja, na kikingio chenye ndoano iliyopinda kuelekea mbele. Waingereza waliiga karibu kila kitu. Singe yao ya awali ilikuwa na ubapa wa inchi 12; hii mpya wakaipa inchi 17, yaani sentimita 43 hivi. Inchi 5 zilizokatwa kwenye mtutu zikalipwa kwenye singe.

Ukiipata moja leo, tazama pale ubapa unapoanzia, karibu na mpini. Upande mmoja pana taji, herufi za mfalme, namba 1907, kisha tarehe na jina la kiwanda. Wanaoanza kukusanya huiona ile 1907 wakaamini wameokota kitu cha mwaka huo. Sivyo. Hilo ni jina la muundo, nalo limepigwa hata kwenye singe zilizotengenezwa miaka kumi baadaye. Mwaka wa kutengenezwa uko chini yake, kwa tarakimu ndogo: 8 17 ni Agosti 1917. Herufi ER ni za Edward wa Saba, aliyefariki mwaka 1910, na GR ni za mwanawe George wa Tano. Jina la kiwanda huenda likawa Wilkinson, Sanderson, Chapman, Mole au Vickers. Geuza upande wa pili. Mshale mpana maana yake ni mali ya serikali. Alama ya X ni ushahidi kwamba ubapa ulijaribiwa kwa kupindwa na haukuvunjika. Vitaji vidogo vyenye namba ni vya wakaguzi. Ukikuta mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha, ujue serikali ilikwisha kuiuza.

Ndoano ndiyo inayopandisha bei. Ilikusudiwa kunasa ubapa wa adui, lakini wakuu waliona haina faida, na mwaka 1913 wakaamuru iondolewe. Singe zilizokwisha kutolewa zilikatwa ndoano kila ziliporudi karakana, ndiyo maana zilizosalia nayo ni chache. Na penye bei kubwa walaghai hawakosi. Huchukua singe ya kawaida, wakaichomelea ndoano, wakaisugua hadi alama ya moto ipotee. Dawa yao ni kusoma tarehe. Singe ya kiwanda cha Uingereza yenye ndoano na tarehe ya 1916 ni ya kutiliwa shaka tangu mwanzo. Kiwanda cha Lithgow, Australia, kiliendelea na ndoano kwa muda zaidi, kwa hiyo jina la kiwanda lisomwe kabla ya hukumu.

Mwaka huo wa 1916 kuna badiliko jingine. Matope ya mahandaki yalikuwa yakiziba mfereji ulio kwenye kitako cha mpini, ule unaoishika bunduki, basi pakatobolewa tundu la kutolea uchafu. Singe ya 1911 yenye tundu hilo ilipita karakana ikarudi kazini. Wako wanaoipuuza kwa sababu imeguswa. Mimi naithamini kuliko iliyolala ghalani, kwa kuwa imebeba vipindi viwili katika chuma kimoja.

Ala hudharauliwa, na hilo ni kosa. Ya 1907 ni ya ngozi, yenye chuma mdomoni na nchani. Ngozi hukauka, mshono wa nyuma hufumuka, watu huitupa na kubaki na ubapa mtupu. Lakini pia usiulaze ubapa ndani ya ala hiyo miaka nenda miaka rudi: ngozi hushika unyevu na chumvi, na kutu huanzia humo bila kuonekana. Viwekwe bega kwa bega, kila kimoja peke yake. Ukikuta ubapa wa inchi 12 tu, usidhani umevunjika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, India ilizifupisha nyingi, pamoja na ala zake.

Huku kwetu chuma cha namna hii si kigeni. Novemba 1914, katika mapigano ya Tanga, askari wa jeshi la Wajerumani waliwarudisha nyuma wanajeshi waliotoka India, na singe ilikuwa miongoni mwa silaha zao. Za Kijerumani husomwa mgongoni mwa ubapa: taji, W ya Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka. Ile ya 1907 nayo ilibebwa na askari wa KAR (King's African Rifles) waliokwenda Uhabeshi mwaka 1941. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 imeelekeza singe yake bandarini hadi leo.

Basi kama kwenu kuna singe iliyoachwa na babu, tafadhali usiisugue kwa msasa wala usiipeleke kwa fundi aing'arishe. Msasa ukipita mara chache tu, taji, tarehe na jina la kiwanda hufutika, na hakuna awezaye kuvirudisha. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kisha waulize wazee waliobaki, uandike jina la aliyeibeba, kikosi chake na mahali alikopigana, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na singe.