CS50G
CS50G ni kozi ya kutengeneza michezo ya kompyuta iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na kutolewa bila malipo kupitia intaneti. Ilifundishwa na Colton Ogden mwaka 2018.

Mwanafunzi hujifunza kwa kuunda upya michezo maarufu, kuanzia Pong ya mwaka 1972. Michezo ya mwanzo huandikwa kwa lugha ya Lua, ya mwisho kwa C# katika programu ya Unity.

Kutazama video pekee hakutoshi: kila somo huwa na zoezi. Katika Pong, mwanafunzi huandika maagizo yanayoiwezesha kompyuta kucheza upande mmoja.

Kozi haianzii kwenye misingi. Asiyewahi kuandika programu hushauriwa kusoma kwanza CS50, kozi ya utangulizi ya chuo hichohicho.