Mwaka Mmoja wa Dorothy Reed

Nchini Marekani wako vijana ambao, wakihitimu udaktari au wakikaribia kuhitimu, husimama mwaka mzima kabla ya kuanza mafunzo ya ubingwa. Hawakushindwa masomo. Wanatafuta makala za utafiti zitakazobeba majina yao. Tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza wa leseni nchini humo hautoi tena alama, bali kufaulu au kufeli tu. Basi idadi ya makala imezidi kuwa na uzito mbele ya wanaochagua. Nikilitafakari jambo hili, humkumbuka Dorothy Reed.

Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mjini Baltimore mwaka 1889, na huko desturi ya daktari kijana kuishi hospitalini akisomea ubingwa ilipata sura yake. Chuo cha udaktari kilifuata mwaka 1893. Kilipokea wanawake kwa kuwa akina mama waliochanga fedha, wakiongozwa na Mary Garrett, waliweka sharti hilo. Reed alihitimu mwaka 1900, akahudumu wodini chini ya William Osler, kisha akapata ufadhili wa kufanya utafiti katika maabara ya William Welch.

Alikuwa na swali moja. Ugonjwa wa tezi ulioelezwa na Thomas Hodgkin wa London mwaka 1832 ulidhaniwa na wengi kuwa aina ya kifua kikuu. Hata Carl Sternberg wa Vienna, aliyezieleza seli zake kubwa mwaka 1898, aliamini hivyo. Reed alizichunguza tezi za wagonjwa kwa hadubini, na mwaka 1902 akachapisha makala iliyozieleza seli hizo barabara na kuonyesha kwamba huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Hadi leo zinaitwa seli za Reed-Sternberg, na wataalamu bado huzitafuta.

Pamoja na hayo, hakuona njia ya kupanda cheo pale, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Akaondoka kwenda hospitali ya watoto mjini New York, na baadaye, huko Wisconsin, akashughulikia afya ya mama na mtoto.

Hapa napata mafunzo mawili. Kwanza, mwaka wa utafiti hupimwa kwa swali lililoulizwa; makala moja yaweza kuzidi ishirini. Pili, kazi njema peke yake haifungui mlango uliofungwa kwa sababu nyingine. Zamani ulifungwa kwa jinsia. Leo waweza kufungwa na mfuko, maana si kila kijana ana wa kumlisha mwaka mzima akifanya utafiti kwa malipo kidogo au bila malipo.

Ningekuwa miongoni mwa wanaochagua, ningemwuliza kila mwombaji: ulitaka kujua nini? Hesabu ya makala ingefuata baadaye.