Kisasi Kilichohamia Mwezini: Dumas Mikononi mwa Wajapani

Kila tunapofundisha nadharia ya tafsiri wanafunzi wetu hutuuliza: je, mfasiri ana ruhusa ya kubadili kiasi gani? Japani imelijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 100.

Riwaya ya Le Comte de Monte-Cristo, aliyoiandika Alexandre Dumas akisaidiwa na Auguste Maquet, ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la Journal des Débats kuanzia 1844 hadi 1846. Edmond Dantès, baharia kijana wa Marseille, anasingiziwa na watu wake wa karibu, anafungwa miaka 14 katika ngome ya If, anatoroka, anapata hazina, kisha anarudi kwa jina jingine kuwaangamiza waliomtenda. (Ikumbukwe kwamba bibi yake Dumas mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa katika Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo.)

Mwaka 1901 Kuroiwa Ruikō alianza kuichapisha kwa Kijapani katika gazeti lake la Yorozu Chōhō. Majina aliyafanya ya Kijapani, na anwani akaibadili kabisa: Gankutsuō, mfalme wa pango. Hapa hatuwezi kumsahau Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1969 alimgeuza mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare kuwa Mabepari wa Venisi.

Mwaka 2004 studio ya Gonzo, chini ya mwongozaji Mahiro Maeda, ilianza kutoa filamu ya vibonzo ya sehemu 24 kwa anwani ile ile ya Kuroiwa. Maeda alitaka kwanza riwaya ya Alfred Bester ya 1956, The Stars My Destination, ambayo nayo ni mjukuu wa Dumas. Haki zikakosekana, akarudi kwa babu. Sasa tuko mwaka 5053, na kanivali ya Roma imehamia Mwezini.

Vyombo vya angani havikutushughulisha sana. Kilichotushughulisha ni mtazamo wa usimulizi. Dumas anatuweka upande wa Dantès tangu mwanzo. Tumeona alivyodhulumiwa, hivyo tunamshangilia. Maeda anaanza na Albert, mwana wa msaliti Fernand, anayempenda mgeni huyu tajiri bila kujua lolote. Mateso ya Dantès tunayapata kwa kuchelewa. Kwa hiyo kisasi kile kile kinatisha, maana tunakiona kwa macho ya kijana ambaye kosa lilipotendwa hakuwa hata amezaliwa. Katika riwaya, pambano kati ya Albert na adui wa baba yake linaepukwa baada ya mama, Mercédès, kumsihi Dantès. Katika vibonzo rafiki yake Franz anakwenda badala yake, naye anauawa. Na lile pango la Kuroiwa? Limekuwa kiumbe kinachokaa ndani ya mwili wa mlipiza kisasi. Neno la mfasiri limezaa mhusika!

Tulipoijadili darasani, mwanafunzi mmoja alishikilia kwamba hii si kazi ya Dumas tena. Tulimpa kazi ya kuandika upya sura ya Mercédès kwa Kiswahili, yeye mama akiwa ndiye msimulizi. Bado tunaisubiri.