Vyombo vya Mchezo Vilivyoingia Katika Historia

Wako watu duniani wanaotoa fedha nyingi ili wapate kanzu iliyokwisha kuvaliwa, kiatu kilichochakaa, au kijisanduku cha plastiki kisichokuwa na kitu ndani. Hawavinunui wapate kuvitumia. Wanavinunua kwa kuwa vilionekana zamani katika mchezo wa televisheni. Mtu akiisikia habari hiyo mara ya kwanza atacheka na kusema: hao fedha zimewazidi. Lakini tusiwahi kucheka. Ndani yake mna swali linalotuhusu hata sisi wa Lubumbashi: kitu gani chastahili kuwekwa, na nani atakayejua maana yake wenyewe wakiisha kufa?

Mchezo na jina la Kiswahili

Mchezo tunaotaka kuusimulia unaitwa Star Trek. Uliutungwa na Mmarekani Gene Roddenberry, ukaonyeshwa mara ya kwanza katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, mwaka uleule ambao mji wetu uliacha jina la Elisabethville ukaitwa Lubumbashi. Ni hadithi ya kubuni juu ya watu wa karne zijazo, wanaosafiri kati ya nyota katika chombo kiitwacho Enterprise. Ndani ya chombo wamo watu wa mataifa mbalimbali, na kati yao binti mmoja wa Afrika, ofisa mwenye kazi ya kupokea na kupeleka habari.

Binti huyo jina lake Uhura. Kila msomaji wetu ataona mara moja limetoka wapi. Mchezaji wake, Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi, alieleza ya kuwa siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa anasoma kitabu kiitwacho Uhuru, cha mwandishi Robert Ruark. Neno likapendeza, likageuzwa mwishoni, likawa jina la mtu. Tena usiku ule wa kwanza kabisa Kiswahili kilisikika: kiumbe mwenye kujigeuza sura alimtokea Uhura kwa umbo la mwanamume Mwafrika, akamsemesha Kiswahili.

Tukumbuke zamani zile zilikuwaje. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa na miaka michache tu ya kujitawala, na huko Marekani watu weusi walikuwa wakidai haki zao. Mwanamke mweusi kuonekana katika televisheni akiwa ofisa, si mtumishi wa jikoni, lilikuwa jambo geni. Nichols alisimulia kwamba baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha kazi hiyo, naye Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Basi vazi lake jekundu lilikuwa limekwisha kubeba maana kubwa kuliko bei ya kitambaa chake.

Kazi ya mafundi

Na kitambaa chenyewe hakikuwa cha ajabu. Mshoni mkuu wa mavazi, William Ware Theiss, alipewa fedha kidogo na muda mfupi. Katika miaka miwili ya kwanza alitumia velua, yaani kitambaa laini chenye manyoya mafupi. Kila nguo ilipofuliwa ilirudi, ikawabana wachezaji. Kwa hiyo mwaka wa tatu nguo zilishonwa kwa nailoni.

Vyombo vya mkononi vilitoka kwa fundi Wah Chang, mtu wa asili ya Kichina. Ndiye aliyetengeneza kile kisanduku kidogo cha kufunua kifuniko na kusemea, ambacho leo chatukumbusha simu za mfukoni. Vingi vilikuwa maganda matupu; katika vichache tu mlitiwa mashine ya saa ili kiduara kizunguke mbele ya kamera. Chang hakuwa katika chama cha mafundi wa sinema, na chama kililalamika. Basi ikapangwa ionekane kama kampuni ilivinunua kwake vikiwa tayari.

Tena kuna habari ya vichupa vya chumvi. Usiku ule wa kwanza hadithi ilikuwa ya kiumbe mwenye njaa ya chumvi. Mtunza vyombo, Irving Feinberg, alikwenda dukani kununua vichupa vya mezani vya umbo la kigeni, vifanane na mambo ya karne zijazo. Wenzake walipoviona wakaogopa ya kuwa watazamaji hawatatambua kama ni vya chumvi. Vikapewa kazi nyingine: vikawa vyombo vya daktari wa chombo, naye akawa akiwapitishia wagonjwa kichupa cha chumvi juu ya kifua, na watazamaji wakaamini.

Mchezo ulikoma tarehe 3 Juni 1969, baada ya hadithi 79. Wakati ule hakuna aliyefikiri ya kuwa vitu hivyo ni mali. Vingine viliachwa ghalani, vingine vikachukuliwa na wafanyakazi, vingine vikatupwa. Miaka ya 1970 hadithi zile zilipoonyeshwa tena na tena, watu wakazipenda kuliko mwanzo. Hapo ndipo walipoanza kuuliza: vitu vile viko wapi?

Namna ya kukijua kilicho halisi

Mwenye kukusanya ana adui mmoja mkubwa, ndiye mwigo. Kampuni yenyewe ilitengeneza nguo au chombo cha namna moja mara nyingi. Kisha wapenzi wa mchezo wakajishonea nguo za mfano ule ili kuzivaa katika mikutano yao. Miaka hamsini imepita, na mwigo umezeeka pamoja na kilicho halisi. Kwa sababu hiyo uchakavu peke yake hauthibitishi kitu.

Wajuzi hutumia njia tatu. Kwanza hutazama kitu chenyewe: namna ya uzi, mshono, na jina la mchezaji kama limeandikwa ndani ya nguo. Pili hukilinganisha na picha za mchezo: mkwaruzo mmoja mdogo, au mistari ya kitambaa ilivyokutana penye mshono, huweza kushuhudia kuliko maneno mengi. Tatu huuliza kilipita mikononi mwa nani, tangu siku kilipotoka kiwandani hata leo. Sisi tuliozoea vitabu vya paroki tunaelewa upesi. Mtu akisema, “Nilibatizwa,” padri hafungui mdomo wake kubisha. Anafungua kitabu atafute mwaka, jina, na wasimamizi. Kitu kisichokuwa na maandishi ya namna hiyo hudaiwa ushahidi kila kinapokwenda.

Fedha nazo zimeongeza hatari. Mwezi wa Oktoba 2006 kampuni ya Christie's ilifanya mnada mjini New York kwa siku tatu, ikauza vitu zaidi ya 1,000 vya mchezo huu na vya michezo mingine iliyoufuata. Jumla yake ilipita dola milioni 7. Mfano mmoja wa chombo cha Enterprise, wa mchezo uliokuja baadaye, ulinunuliwa kwa dola 576,000. Penye fedha kama hizo hapakosi mwenye kutengeneza uongo.

Mifano miwili ya Enterprise

Mwaka wa 1964 ilitengenezwa mifano miwili ya chombo cha kwanza cha Enterprise, mkubwa na mdogo. Mkubwa una urefu wa mita tatu na zaidi, ni wa mbao, plastiki na bati. Mwaka wa 1974 kampuni ya Paramount iliutoa kwa makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Miaka ikapita, ukapakwa rangi upya mara kadhaa, hata rangi ya kwanza ikafichika. Wataalamu walipotaka kuurudisha katika hali yake ya asili, waliwaomba wananchi watafute picha za zamani walizozipiga wenyewe kabla rangi haijabadilishwa. Picha ya mtu wa kawaida, iliyokaa miaka mingi sandukuni, ikawa shahidi mbele ya mafundi wakubwa. Kazi ilikwisha mwaka wa 2016.

Mfano mdogo, wenye urefu wa karibu mita moja, ulikaa kwa Roddenberry mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliuazima, haukurudi. Roddenberry alikufa mwaka wa 1991 bila kuuona tena. Ndipo mwaka wa 2023 ukaonekana ukitangazwa katika mnada wa intaneti wa eBay. Ulikuwa umeokotwa katika chumba cha kuwekea mizigo kilichoachwa na mpangaji. Wajuzi waliuchunguza, wakathibitisha, na mwaka wa 2024 ukarudishwa kwa mwanawe Roddenberry. Haya ndiyo mambo ya kuazimana bila maandishi.

Na vazi jekundu la Uhura? Liko Washington, katika makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa mwaka wa 2016. Halikuingia humo kwa sababu ya velua yake. Nichols alifanya kazi kwa shirika la NASA tangu mwaka wa 1977, akiwaita wanawake na watu weusi waombe kazi ya kwenda angani. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko, mwaka wa 1992, alisema ya kuwa Uhura alimtia moyo tangu utoto. Nichols aliyasimulia mambo hayo kwa kinywa chake mwenyewe mpaka alipokufa mwaka wa 2022. Maneno yake yamekwisha kuandikwa, nayo yanakaa pamoja na vazi.

Na sisi je?

Mji wetu nao umekuwa na mchezo wa televisheni. Nani katika Lubumbashi hajui jina la Mufwankolo? Kundi lake lilicheza katika redio na televisheni kwa Kiswahili cha hapa Katanga, likiwachekesha watu na kuwafundisha. Wachezaji hawakuwa na maneno yaliyoandikwa. Walipatana juu ya habari, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake palepale. Mchezo wa namna hiyo ukiisha, umekwisha. Lakini mwaka wa 1986 mtaalamu Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu chetu, alikaa nao walipoandaa mchezo wa “Le pouvoir se mange entier”, maana yake ukubwa haugawanywi, huliwa mzima. Alinasa sauti zao tangu mazoezi ya kwanza, na mwaka wa 1990 maneno yao yalitoka katika kitabu.

Mtu huyohuyo, katika miaka ya 1973 na 1974, alipokea kwa mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu picha mia moja na moja za historia ya nchi. Hakuchukua picha peke yake. Alimwomba Tshibumba aeleze kila moja, akanasa maelezo yake kwa Kiswahili. Tshibumba alitoweka miaka ya 1980 ilipoanza, wala hatuwezi kumwuliza tena. Lakini tukiitazama picha yake leo tunaweza kusikia alitaka kusema nini. Linalouma ni kwamba picha hizo ziko Amsterdam. Mtoto wa Kenya au wa Katuba anayetaka kuona historia yake ilivyochorwa na mtu wa mji wake, itampasa kuvuka bahari.

Hatuwalaumu waliozinunua, maana bila wao pengine zingalipotea kabisa. Lakini tujiulize juu ya vitu vilivyo bado mikononi mwetu. Kila paroki ina michezo ya Noeli na ya Pasaka. Kuna mataji ya bati waliyoyavaa babu zetu, ngoma za kwaya za kwanza, sare za skauti, na picha za wachezaji waliokwisha kufa. Mara nyingi vitu hivyo hutupwa siku ya kusafisha ghala, kwa kuwa aliyeshika ufagio hakuambiwa ni vitu gani.

Kazi ya kuvilinda haihitaji dola. Chukueni kipande cha karatasi, mwandike kwa kalamu ya risasi: kitu hiki kilishonwa na nani, mwaka gani, kilivaliwa na nani, katika mchezo gani. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitu, na nakala yake katika daftari la paroki. Nguo isikae juani wala penye unyevu, na sanduku lifunguliwe mara kwa mara kutazama nondo na mchwa. Mkiazima kitu, aandike aliyekichukua. Tena kabla ya yote, wendeeni wazee waliocheza zamani, mkawaulize sasa, maana kitambaa chaweza kungoja miaka hamsini sandukuni, lakini mzee hangoji.