Ushauri wa Daktari Uliotoka Mulago

Akina mama na dada zetu waliofika Dallas, Fort Worth na Houston wakiwa wasichana, wengine kwa masomo na wengine kwa kufuata waume, leo wana miaka 45, 50, 60. Wakitoka kliniki hurudi na karatasi ile ile: punguza mchele mweupe na sukari, kula nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga za majani, linda mifupa, angalia presha. Wengi wetu huipokea karatasi hiyo kama elimu ya Wazungu inayokuja kutufundisha kula. Historia inasema vingine. Sehemu muhimu ya ushauri huo, ile inayohusu makapi ya chakula, ilisomwa kwenye vyungu vya bibi zetu, na waliosoma walikuwa madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala.

Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Afrika Mashariki mwaka 1929, akafanya kazi Kenya na baadaye Uganda kwa miaka mingi. Kilichomshangaza ni magonjwa ambayo hakuyaona. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika makala nzima ya kitabibu juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, maana mgonjwa wa namna hiyo alikuwa adimu. Mwaka 1960 akatoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyekuwa na jicho moja, naye alifanya kazi Kampala. Ndiye ambaye kansa ya taya za watoto inaitwa kwa jina lake. Aliporudi Uingereza aliichukua hoja ya makapi akaitangaza kwa nguvu.

Mwaka 1972 Burkitt, pamoja na Walker na Painter, walichapisha vipimo vyao katika jarida la Lancet. Wasomaji wanaokula watuwie radhi: walipima choo. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilisafiri tumboni kwa takriban saa 36, na choo chao kilikuwa na uzito wa gramu 470 kwa siku. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao safari hiyo ilichukua zaidi ya saa 80, na uzito ukawa gramu 104. Sisi wahandisi, tuliozoea mabomba na kasi ya mtiririko, tunaziheshimu namba hizi kuliko hotuba nyingi za lishe.

Dallas nayo ina sehemu yake katika habari hii. Michael Brown na Joseph Goldstein, wa chuo cha tiba cha UT Southwestern, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha jinsi chembe za mwili, hasa za ini, zinavyonasa kolesteroli na kuitoa kwenye damu. Homoni ya estrojeni hulisaidia ini katika kazi hiyo. Hedhi inapokoma estrojeni hushuka, na kolesteroli mbaya hupanda hata kwa mama ambaye hakubadilisha chakula hata kidogo. Hapo ndipo baadhi ya makapi, kama yale ya maharage na shayiri, yanapofaa: huondoka na sehemu ya nyongo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kwenye damu ili kutengeneza nyongo nyingine.

Lakini tusijidanganye kwamba kula chakula cha nyumbani kunatosha. Chakula kipi? Bibi alitwanga mwenyewe kwenye kinu, akala mtama, ulezi au dona, kunde na mchicha, na nyama kwa nadra. Dona likaonekana chakula cha shuleni na jela, sembe nyeupe ikawa heshima. Mabadiliko hayo yalitukuta Dar es Salaam na Nairobi kabla hatujapanda ndege. Tulichobeba kuja Texas ni pilau, chapati, sambusa na chai ya maziwa yenye sukari, yaani chakula cha Idi, Krismasi na harusi, na sasa tunakila kila Jumamosi kwenye kumbi zetu. Bibi pia alilima na kubeba maji. Hapa hata dukani karibu twaenda kwa gari, na joto la Agosti limekuwa kisingizio cha mwaka mzima.

Burkitt alilinganisha watu wa nchi mbalimbali waliotofautiana kwa mambo mengi, si chakula peke yake. Ulinganisho wa namna hiyo hutoa dokezo tu. Utafiti wa kina zaidi ulikuja na mradi mkubwa wa Marekani juu ya afya ya wanawake wa miaka 50 hadi 79, ulioanza miaka ya 1990 katika vituo 40, kimoja kikiwa Baylor, Houston. Mwaka 2002 sehemu yake ya vidonge vya estrojeni na projestini, yenye wanawake 16,608, ilisimamishwa kabla ya wakati: kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, kansa ya matiti iliongezeka kwa 8, na mivunjiko ya nyonga ikapungua kwa 5. Hofu ikaenea, wengi wakaacha dawa. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na madaktari baadaye walieleza kuwa kwa aliye karibu na kukoma hedhi hesabu ni nyingine. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuliondoa lile onyo kali kwenye dawa hizo. Sehemu ya chakula, iliyohusu wanawake 48,835, ilitoa majibu mwaka 2006: kupunguza mafuta kwa jumla hakukupunguza magonjwa ya moyo kwa kiwango cha kuhesabika. Kumbe kuondoa mafuta mezani si sawa na kurudisha makapi.

Wanawake weusi wana sababu ya ziada ya kutonyamaza. Utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha mwaka 2015 kwamba yale majoto ya ghafla na jasho la usiku huwadumu kwa miaka 10 hivi, wakati wastani wa wanawake wote ni miaka 7 na nusu. Tumesikia mno dada zetu wakiambiwa nyumbani kwamba ni uchovu au ni hasira. Sisi wanaume tunaopakuliwa sahani tujue hilo, na tujifunze kuloweka maharage.

Vifaa vipo. Kunde na bamia zilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, na leo hakuna duka kubwa Texas lisilo nazo. Wamarekani wa Kusini hula kunde siku ya Mwaka Mpya kwa kutafuta bahati. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa kina makapi gramu 11 hivi, nusu ya gramu 21 anazoshauriwa mama aliyepita miaka 50. Sukuma wiki ya hapa, ile wanayoipika Wamarekani weusi, kikombe kimoja kikipikwa kina zaidi ya miligramu 200 za kalsiamu katika zile 1,200 za siku. Na kwa jamaa wa Gulfton mjini Houston na Vickery Meadow mjini Dallas, wanaoishi jirani na Wameksiko: tortila zao hutengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, hivyo zina kalsiamu ambayo sembe yetu haina. Mahindi yenyewe yalitoka kwao yakafika kwetu. Mapishi ya chokaa yalibaki huku.